Sam Loyd, mtu wa mafumbo ya picha aliyewadanganya Wamarekani

Mwaka wa 1896, mjini New York, kadi moja ya karatasi ilianza kupita mikononi mwa watu na kuwakosesha usingizi. Katikati ya kadi hiyo kulikuwa na duara lenye picha ya dunia, na pembezoni mwa dunia walisimama askari Wachina 13. Ukizungusha duara kidogo na kuhesabu tena, unapata 12. Hakuna aliyefutwa wala karatasi iliyokatwa. Sasa yule mmoja amekwenda wapi?

Aliyetengeneza kadi hiyo ni Sam Loyd, na mabishano aliyoyaleta ndiyo yaliyomlisha maisha yake yote. Watu walionyeshana kwa kidole askari waliyemdhani ametoweka, na kila mmoja alikuwa na wake. Wote walikosea, kwa sababu hakuna askari hata mmoja aliyetoweka akiwa mzima. Miili yao ilichorwa nusu juu ya duara na nusu juu ya kadi. Duara likizunguka, vipande vinahamia kwa jirani: huyu anaongezewa mguu kidogo, yule kichwa kidogo. Askari wa 13 amegawanywa kwa wenzake 12, kila mmoja amenenepa kiasi ambacho jicho halioni.

Kadi iliitwa kwa jina lenye maana ya tokeni duniani. Jina hilo halikuwa la bure. Tangu 1882 Marekani ilikuwa na sheria ya kuwazuia wafanyakazi Wachina kuingia nchini, na wanunuzi wengi walicheka wakijua vizuri nani anaambiwa atoke.

Loyd alizaliwa tarehe 30 mwezi wa kwanza 1841 huko Philadelphia, akakulia New York. Kabla ya picha, alipenda sataranji, mchezo wa wafalme na askari juu ya ubao wa vyumba 64. Fumbo lake la kwanza la sataranji lilichapishwa akiwa na miaka 14, na baada ya miaka michache jina lake lilijulikana mpaka Ulaya.

Alikuwa na rafiki aliyejigamba kwamba kwa kutazama ubao tu anaweza kutaja ni kete gani itamfunga mfalme. Loyd akampangia ubao, akamgeuzia swali: taja kete ambayo haiwezi kabisa kumfunga, na atakayeshindwa atalipa chakula cha usiku. Rafiki akachagua askari mdogo mmoja, aliyesimama mbali, asiyeonekana na kazi yoyote. Ni huyo huyo aliyetembea hatua kwa hatua mpaka mwisho wa ubao, akageuka kete kubwa na kumfunga mfalme. Fumbo hilo lilichapishwa London mwaka wa 1861. Loyd alikuwa amegundua kwamba mtu hukamatwa kirahisi zaidi pale anapojiamini.

Baadaye akaacha kidogo sataranji na kuingia kwenye biashara ya picha, ambako ndiko pesa ilikuwa. Punda wawili na wapanda punda wawili, kwenye vipande vitatu vya karatasi: vipange bila kukunja wala kukata, kila mtu akae juu ya punda wake. Barnum, tajiri wa sarkasi, aliichukua picha hiyo kwa matangazo yake, na ikauzwa sana.

Lakini fumbo ambalo jina lake liliambatana nalo kwa karibu karne nzima ni la kisanduku chenye vigae 15. Vigae vina namba, nafasi moja ni tupu, na vyote vimepangwa vizuri isipokuwa 14 na 15 vilivyobadilishana mahali. Vitelezeshe mpaka vikae sawa. Mwanzoni mwa 1880 homa ya mchezo huu ilishika Marekani, kisha Ulaya. Miaka mingi baadaye Loyd aliahidi dola 1000 kwa atakayeweza.

Pesa hizo hazikuwa hatarini hata siku moja. Kila kigae kikitelezeshwa, kinabadilishana mahali na nafasi tupu. Ili nafasi tupu irudi kwenye kona yake, lazima iwe imepanda mara sawa na ilivyoshuka, na imekwenda kushoto mara sawa na kuume. Basi hesabu ya hatua zote inagawanyika kwa mbili. Lakini kubadilisha 14 na 15 peke yao ni badiliko moja, na badiliko moja halipatikani kwa hatua za namna hiyo. Wanahesabu wawili, Johnson na Story, walikwisha kuthibitisha hayo mwaka wa 1879.

Kuanzia 1891 Loyd alisema kwamba mchezo huo yeye ndiye aliyeubuni. Alisimulia hata kwamba ofisi ya serikali ilimnyima hati ya uvumbuzi, kwa kuwa fumbo lisilo na jibu haliwezi kuonyeshwa likifanya kazi. Ni hadithi tamu, na watu waliimeza.

Mtu mmoja aliyeona mapema tabia hiyo ni Mwingereza Henry Dudeney, fundi wa mafumbo aliyejifunza hesabu mwenyewe. Miaka ya 1890 waliandikiana barua na kubadilishana mawazo kwa nia njema. Kisha Dudeney akakuta mafumbo yake yakichapishwa Marekani kwa jina la Loyd. Hakumsamehe kamwe.

Na katika hesabu yenyewe Dudeney ndiye aliyekuwa makini. Loyd alitoa picha ya mraba uliotolewa robo yake kwa juu, mfano wa kofia ya askofu, akaomba ukatwe vipande vichache iwezekanavyo ili vijenge mraba kamili. Jibu lake lilikuwa vipande 4. Kwa macho picha ya jibu inapendeza. Dudeney alipima: umbo lililopatikana lina upande mmoja unaozidi mwingine kidogo, kwa hiyo si mraba. Akaleta jibu lake la vipande 5, na hilo linasimama. Safari hii aliyedanganywa na jicho ni mwenye picha.

Loyd alifariki New York tarehe 10 mwezi wa nne 1911, akiwa na miaka 70. Mwana wake, aliyejiita pia Sam Loyd, alikusanya kazi zake katika kitabu kikubwa cha mwaka wa 1914, kinachohesabiwa mafumbo 5000, kikiwa na makosa si machache kwenye majibu.

Ilikuwa mwaka wa 2006 ndipo watafiti wawili, Jerry Slocum na Dic Sonneveld, walipotoa kitabu kilichofuata kisanduku cha vigae 15 mpaka chanzo chake. Walifika kwa Noyes Chapman, mkubwa wa posta katika mji mdogo wa Canastota, jimbo la New York, aliyewaonyesha rafiki zake mchezo wa vigae tangu 1874. Kutoka kwake ulipita mkono kwa mkono mpaka Hartford, ambako wanafunzi wa shule ya viziwi walianza kuutengeneza na kuuza. Loyd haonekani popote katika njia hiyo. Mwezi wa pili 1880, homa ikiwa imepamba moto, Chapman aliomba hati ya uvumbuzi. Ni yeye aliyenyimwa.