Frantz Fanon: Tabibu aliyeusoma mwili na akili kwa pamoja

NOVEMBA 1953, daktari kijana aliyezaliwa katika kisiwa cha Martinique aliripoti kazini katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida-Joinville, nchini Algeria. Huko alikuta Wazungu na wenyeji wakilazwa katika wodi tofauti, na baadhi ya wagonjwa wakiwa wamefungwa kamba.

Daktari huyo ni Frantz Fanon. Wasomaji wengi wa Tanzania wanamfahamu kwa kitabu chake cha mwaka 1961, ambacho Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuwa mwanamapinduzi alikuwa tabibu, na kwamba siasa zake zilianzia wodini.

Fanon alizaliwa Julai 20, 1925, mjini Fort-de-France, akiwa mtoto wa mtumishi wa idara ya forodha. Katika Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la Ufaransa Huru, akajeruhiwa na kutunukiwa nishani ya ushujaa.

Mwaka 1947 alianza masomo ya udaktari katika mji wa Lyon, Ufaransa. Pamoja na tiba, alihudhuria mihadhara ya falsafa na kusoma saikolojia kwa bidii.

Kwanza alitaka kuwasilisha, kama tasnifu yake, maandishi kuhusu madhara ya ubaguzi katika nafsi ya mtu mweusi. Yalikataliwa. Mwaka 1951 akawasilisha tasnifu nyingine, kuhusu matatizo ya akili kwa watu wenye maradhi ya kurithi yanayoharibu neva na kumnyima mgonjwa uwezo wa kutembea sawasawa. Swali lake lilikuwa gumu: ugonjwa wa mwili unaishia wapi, na wa akili unaanzia wapi? Swali hilo halikumwacha maishani.

Baada ya hapo alifanya kazi Saint-Alban, kusini mwa Ufaransa, chini ya Francois Tosquelles. Huko hospitali nzima ilihesabiwa kuwa dawa: wagonjwa walifanya kazi za mikono, walikutana na kujadili mambo yao, na wauguzi walishiriki katika tiba badala ya kushika funguo tu.

Fanon alipeleka utaratibu huo Blida. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu ulifanikiwa, lakini katika wodi ya wanaume Waislamu ulishindwa kabisa. Fanon na msaidizi wake, Jacques Azoulay, waliandika hadharani mwaka 1954 kwamba kosa lilikuwa lao. Walikuwa wamewaletea Waalgeria mambo ya Ulaya, tena wakizungumza nao kupitia mkalimani.

Ndipo ukaanzishwa mgahawa wa kienyeji, uwanja wa mpira, sherehe za sikukuu za Kiislamu na vikao vya msimulizi wa hadithi. Fanon alisimamia pia mafunzo ya wauguzi, kwa kuwa wao ndio waliokaa na mgonjwa mchana na usiku.

Mwaka 1956, yeye na Charles Geronimi walichunguza kipimo cha saikolojia ambacho mgonjwa huoneshwa picha na kutakiwa kuzitungia hadithi. Wanawake wa Kialgeria hawakutunga. Wawili hao walibaini kwamba picha hizo zilitoka katika maisha ya ugenini, hivyo upungufu ulikuwa wa kipimo.

Wakati huo wataalamu wa kikoloni walikuwa na jibu jingine. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Fanon aliikosoa hoja hiyo vikali katika kitabu chake cha mwisho.

Katika kitabu hicho aliwaeleza pia wagonjwa waliokakamaa misuli kiasi cha kushindwa kupanda ngazi au kukimbia. Wengine waliona hiyo ni hali ya kuzaliwa ya mwenyeji. Fanon aliona mwili uliojikaza kwa sababu ya ukoloni na vita.

Vita ya ukombozi ilipopamba moto, aliwatibu walioteswa na hata askari waliotesa. Mwishoni mwa 1956 alijiuzulu, na mwanzoni mwa 1957 akafukuzwa Algeria. Akiwa Tunis aliendelea na tiba huku akitumikia chama cha FLN, kilichomteua balozi nchini Ghana mwaka 1960.

Alifariki kwa saratani ya damu Desemba 6, 1961, nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 36. Alizikwa katika ardhi ya Algeria, miezi michache kabla ya uhuru wa nchi hiyo aliyoipigania.

Somo lake halijachakaa. Kijana anayesomea saikolojia au usaidizi wa tiba ya viungo chuoni hufundishwa majina ya misuli na vipimo vya akili. Siku atakapomhudumia mzee wa Nyakunguru, wilayani Tarime, anayeeleza maumivu yake kwa Kikuria, atakutana na swali lile lile la Blida. Mgonjwa akikaa kimya, mtaalamu ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe ameuliza kwa lugha inayosikika.