Alitafuta ndugu, akapata kamusi

Wahenga walitufunza kuwa atafutaye hachoki, na akichoka huwa keshapata. Hawakutuambia kuwa akipatacho huenda kisiwe kile kilichomtoa nyumbani.

Sándor Kőrösi Csoma alizaliwa mwaka 1784 katika jamii ya Wahungari wa Transylvania, eneo ambalo leo limo nchini Romania. Lugha yake, Kihungari, haikufanana na lugha za majirani, na wataalamu wa enzi hizo walizozana sana kuhusu asili yake. Csoma aliamini kuwa ndugu wa watu wake wangali wanaishi Asia. Mwaka 1819, akiwa na fedha kidogo na bila mwenzi, aliondoka kwenda kuwatafuta.

Alipitia Baghdad, Tehran, Bukhara na Kabul, akijiunga na misafara pale ilipobidi. Juni 1822 aliwasili Leh, mji wa Ladakh ulio takriban mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Njia ya kuendelea hadi Yarkand, ng'ambo ya milima ya Karakoram, ilikuwa ya hatari na gharama kubwa. Akageuka. Njiani alikutana na Mwingereza William Moorcroft, aliyemhimiza ajifunze Kitibeti.

Mwaka 1823 alipanda hadi Zanskar, bonde ambalo theluji hulifunga majira ya baridi. Huko Zangla aliketi na lama Sangye Puntsog katika chumba kidogo kisicho na moto. Walisoma wamejifunika ngozi za kondoo, na hata kutoa mkono ili kufunua ukurasa ilikuwa adhabu. Kazi ya miaka mingi milimani ilizaa kamusi na sarufi ya Kitibeti, zilizochapishwa Calcutta mwaka 1834. Csoma alifariki Darjeeling kwa malaria tarehe 11 Aprili 1842, akielekea Lhasa.

Leo ni bayana kuwa Kitibeti na Kihungari hazina udugu. Jamaa wa karibu wa Kihungari ni Kikhanti na Kimansi, lugha za Siberia ya magharibi. Je, Csoma alishindwa? La hasha! Alikwenda na swali lake, lakini kamusi yake ilieleza Kitibeti kama kilivyo, si kama yeye alivyotamani kiwe. Isitoshe, jina la mwalimu wake lilichapishwa katika ukurasa wa mbele wa kamusi hiyo.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Aghalabu wanafunzi wetu huenda nyanjani wakiwa na majibu tayari mfukoni. Huwahoji wazee kwa siku mbili tatu, wakarejea na maneno mia kadhaa, na majina ya wazee hao yasionekane popote. Csoma alivuka milima akitafuta ndugu, kisha akakubali kuwa mwanafunzi. Sisi tunaokwenda kijiji cha pili tu, kwa nini lituwie zito?