Hans Berger, Daktari Aliyechora Umeme wa Ubongo

Siku mwenzetu mmoja alipoanguka kifafa gwarideni, mimi nilikuwa wa kwanza kutimua mbio. Nilikuwa nimeambiwa eti povu lake huambukiza. Leo naona haya. Aliyenifumbua macho ni daktari Mjerumani, Hans Berger.

Berger alizaliwa mwaka wa 1873 karibu na Coburg. Akiwa jeshini, farasi alimwangusha, nusura akanyagwe na gurudumu la mzinga. Siku iyo hiyo akapata telegramu kutoka kwa babake akimjulia hali. Kumbe dadake aliingiwa na hofu ghafla huko mbali! Berger akaamini kwamba fikira husafiri, akasomea udaktari ili azitafute.

Hizo hakuzipata. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baada ya miaka mingi ya kuhangaika, mwaka wa 1924 mjini Jena, alinasa umeme wa ubongo wa kijana wa miaka 17. Alipotangaza mwaka wa 1929, wengi walimpuuza, mpaka Adrian na Matthews wa Cambridge walipohakikisha mwaka wa 1934.

Kipimo chake huitwa EEG. Vipande vya madini, yaani elektrodi, hubandikwa kichwani, na umeme hafifu huchorwa kama mawimbi. Ukitulia na kufumba macho, huonekana mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde. Ukiyafumbua, hufifia. Mwaka wa 1935, huko Marekani, Gibbs, Davis na Lennox walionyesha kifafa kile cha mtoto kuduwaa tu: mwiba na wimbi, mara 3 kwa sekunde. Basi kifafa si pepo wala laana. Ni chembe nyingi za ubongo kufyatua umeme kwa pamoja.

Hata hivyo, Berger hakuwa malaika. Enzi za Hitler alikaa katika mahakama ya rufani ya sheria ya 1933, iliyolazimisha watu kufungwa uzazi, wakiwemo wenye kifafa cha kurithi. Mwaka wa 1941 alijiua. Aliuona ugonjwa, lakini wagonjwa hakuwatetea.

Mimi nilikimbia bila kujua, yeye alijua. Mwenzetu akianguka tena, nitabaki. Nitaondoa vitu vigumu, nimlaze kwa ubavu, nisimtie chochote mdomoni, halafu nimwite mwalimu. Nawe je?