Sophia Mustafa na kura tatu: Somo kwa vyama vinavyolilia haki

Ndugu msomaji, kila uchaguzi unapokaribia hapa Moshi, vijana ninaowafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu hunijia na swali lile lile. Wanauliza kuna faida gani ya kujiandikisha na kupanga foleni ikiwa kanuni zimeandikwa na mwenye nguvu, msimamizi ameteuliwa na mwenye nguvu na matokeo yanatangazwa na huyo huyo. Swali hilo si la kupuuzwa, wala si jipya. Liliulizwa na wazee wetu mwaka 1958, na miongoni mwa walioishi ndani ya jibu lake ni mwanamke wa Kiislamu ambaye leo vijana wengi hawamjui. Jina lake Sophia Mustafa.

Sophia alizaliwa India mwaka 1922, akalelewa Nairobi. Aliolewa na Abdulla Mustafa, mwanasheria ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Wakahamia Tanganyika na kuishi Arusha, makao makuu ya Jimbo la Kaskazini. Jimbo hilo lilikuwa kubwa mno: lilishika Moshi na migomba yote ya Kilimanjaro, Arusha, Umasaini na Mbulu. Mama huyu angeweza kukaa nyumbani kwake kwa raha, mke wa wakili, akiwaacha Waafrika na Waingereza wagombane wenyewe. Hakufanya hivyo.

Ili tuelewe alichokifanya, hatuna budi kuutazama uchaguzi wenyewe. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining ilikubali wananchi wachague wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini iliweka mitego. Mtego wa kwanza ulikuwa sifa za mpiga kura. Alitakiwa awe na miaka 21, na juu ya hapo awe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na cheo miongoni mwa vyeo vilivyotajwa na sheria. Matokeo yake, katika nchi ya watu wanaokaribia milioni 9, walioandikishwa hawakufika 60,000.

Tujiulize nani aliachwa nje. Huku mlimani kulikuwa na kahawa, ushirika wa KNCU na shule za misheni, hivyo wapo Waafrika waliopata sifa. Lakini mzee wa Kiislamu aliyesoma chuoni Qur'an na fiqhi, akafungua duka dogo mjini au akalima kishamba chake, elimu yake haikuhesabiwa kuwa elimu. Akina mama karibu wote waliachwa. Wapo watu waliouza kadi za TANU na kutoa nyumba zao kwa mikutano, ambao siku ya kura ilipofika hawakuwa na haki ya kupiga.

Mtego wa pili ndio ulioitwa kura tatu. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mhindi na cha Mzungu. Yaani Wazungu waliokuwa kama 20,000 nchi nzima walipewa viti sawa na mamilioni ya Waafrika. Isitoshe, mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja kila upande. Aliyeacha nafasi moja wazi karatasi yake iliharibika. Na TANU wakati huo ilikuwa chama cha Waafrika watupu. Mhindi wala Mzungu hakuruhusiwa kuwa mwanachama. Kilichotegemewa ni kwamba Mwafrika angechagua mtu wake mmoja, kisha kura zake mbili zingewaangukia watu wa UTP, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za gavana.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua: tuingie au tususe? Mjadala ulikuwa mkali. Waliotaka kususa walikuwa na hoja nzito, kwani uchaguzi ule kweli ulikuwa wa dhulma. Mwalimu Nyerere alisimamia upande wa kuingia na upande huo ukashinda. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake cha Congress. Uamuzi huo unasimuliwa sana, lakini wengi huishia hapo, kana kwamba kuingia peke yake ndiko kulikoleta ushindi.

Kilicholeta ushindi ni kazi iliyofuata. TANU iliamua kwamba ikiwa sheria inalazimisha kura tatu, basi zote tatu ziwe zake. Ikatafuta Wahindi na Wazungu wenye msimamo wake ili iwaunge mkono. Kaskazini kiti cha Mwafrika kilimwendea Solomon Eliufoo, mwalimu wa Machame. Cha Mzungu kilimwendea Derek Bryceson, mkulima wa Kiingereza aliyekuwa rubani wa kijeshi katika Vita vya Pili vya Dunia. Cha Mhindi kikamwendea Sophia Mustafa.

Fikiria, ndugu msomaji. Mwanamke, Muislamu, mwenye asili ya India, anagombea kwa nguvu ya chama ambacho hana ruhusa ya kuwa na kadi yake. Imani ilihitajika pande mbili: wakulima wa kahawa wamwamini mtu ambaye jamii yake waliizoea nyuma ya kaunta ya duka, naye awaamini kwamba hawatamtupa baada ya kura. Na kila mwenye karatasi ilibidi afundishwe ajaze nafasi zote tatu ili kura isiharibike. Bila wanachama waliojua nani ana sifa, nani hajajiandikisha na nani bado hajaelewa, hesabu ile isingetimia.

Septemba 1958 Kaskazini ilikuwa katika kundi la kwanza la majimbo kupiga kura. Eliufoo, Bryceson na Sophia wote waliingia Barazani. UTP ilianguka, na baada ya awamu ya pili ya Februari 1959 haikuinuka tena. Mtego ulimnasa aliyeutega.

Sophia aliendelea kuwa mbunge katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na akaandika kitabu kiitwacho The Tanganyika Way kuhusu safari hiyo. Uzeeni alihamia Canada, akaandika riwaya, na akafariki huko mwaka 2005. Allah amrehemu.

Lakini historia haikuishia kwenye ushindi, na hapa ndipo penye somo gumu. Uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilipotea humu humu Kaskazini, Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mwana-TANU, alisimama kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa chama. Wananchi walionyesha kwamba dhulma ya uchaguzi huweza kuanzia ndani ya chama, pale jina la mgombea linapopangwa juu bila ridhaa ya walio chini. Miaka mitano baadaye nchi ilikuwa ya chama kimoja kwa sheria, hadi 1992. Chama kilichozijua mbinu za kuushinda uchaguzi usio wa haki kikafunga mlango nyuma yake.

Leo swali la Tabora limerudi. Zanzibar uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na mwenyekiti wa tume, na wa marudio ukasusiwa na CUF. Mwaka 2020 upinzani ulilalamika kuwa wagombea wake walienguliwa na mawakala wake kuzuiwa vituoni. Mwaka 2025 Chadema ilidai mageuzi kwanza, ikakataa kusaini kanuni za maadili, ikaondolewa katika uchaguzi. Sitaki kusema nani alikosea, kwani mkoloni wa 1958 alihesabu kura chache zilizopigwa, na pasipokuwa na hesabu ya kweli hata hila nzuri haisaidii. Ninachosema ni kwamba kuingia bila maandalizi na kususa bila maandalizi ni mtu na ndugu yake.

Chama kinachotaka kujilinda kiijue sheria kuliko aliyeiandika. Kiandikishe watu wake mapema. Kiwe na wakala mwaminifu kila kituo, aliyefundishwa, aliyeshiba, asiyetegemea bahasha ya mtu, anayeondoka na nakala ya matokeo yenye sahihi. Kiteue wagombea wake kwa haki. Na kikishinda, kiwawekee wapinzani wake uwanja ule ule kilioutaka kwa ajili yake, maana Allah katika Suratun Nisaa aya ya 58 ametuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe na tuhukumu kwa uadilifu. Kura ni amana.

Vijana wangu niliwakumbusha yule bedui aliyemwacha ngamia wake huru kwa madai ya kumtegemea Mungu. Mtume (SAW) alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Sophia Mustafa na wenzake walimfunga ngamia wao katika upepo mkali kuliko huu. Sisi kamba tumeiweka wapi?