Hess, Aliyehesabu Joto la Kaboni

Askari aliye zamu usiku huko Puta, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia, huiona mioto ya wavuvi wakaushao samaki. Sehemu kubwa ya joto lile hutokana na kaboni inayoungua. Leo twawaletea wasomaji wetu maisha ya mtu aliyewafundisha walimwengu kulihesabu: Germain Henri Hess.

Hess alizaliwa Geneva, Uswisi, mwaka 1802. Angali mtoto mdogo alihamia Urusi pamoja na wazazi wake. Alisomea uganga katika Chuo Kikuu cha Dorpat, akahitimu mwaka 1825, kisha akaenda kutibu wagonjwa mjini Irkutsk, Siberia. Mwaka 1830 alirejea St. Petersburg na kujitolea kwa kemia. Miongoni mwa waliofundishwa naye walikuwamo wanafunzi wa shule ya maofisa wa mizinga.

Mwaka 1840 alitangaza kanuni yake: jumla ya joto la badiliko la kikemia ni ile ile, liwe limetendeka kwa hatua moja au nyingi. Ndivyo ilivyo kwa vikosi viwili vinavyopanda kutoka kambi ya bondeni hadi ya kilimani. Kimoja hukata njia, kingine huzunguka. Tofauti ya kimo baina ya kambi hizo haibadiliki.

Tutazame kaboni. Almasi ya Mwadui, Tanzania, na grafiti iliyomo ndani ya penseli ni kaboni zote mbili. Kugeuza grafiti kuwa almasi ili tupime joto lake ni kazi nzito mno. Lakini zote huungua zikawa hewa moja ya kaboni dioksidi. Gramu 12 za grafiti hutoa kilojuli 393.5, na za almasi 395.4. Tukitoa, hubaki 1.9: ndilo joto ambalo grafiti hulimeza ili iwe almasi.

Hess alifariki mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 48, kabla ya kazi yake kupata heshima iliyostahili. Hesabu yake ingali yatuhusu. Kuni zikifanywa mkaa kwanza, jumla ya joto haiongezeki. Lililopotea na moshi wa tanuri halirudi jikoni. Alindaye msitu hana budi kuijua hesabu hiyo.