Ronald Ross: daktari aliyepiga malaria kwa hesabu

Wakati wa korona mwaka 2020 kila redio ilikuwa inazungumzia mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi. Mimi fomu foo hesabu ilinitoa jasho, nikajiuliza, hivi nani alianzisha haya mambo? Kumbe mmoja wa waasisi ni jamaa wa malaria, ugonjwa wetu wenyewe!

Anaitwa Ronald Ross. Alizaliwa India mwaka 1857, baba yake ofisa wa jeshi la Uingereza. Yeye alipenda mashairi na hesabu, mzee akamtaka awe daktari. Akasoma udaktari London, akarudi India kazini, ila hesabu hakuiacha. Alijifunza mwenyewe vitabuni.

Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, alipasua mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa, akaona kimelea cha malaria tumboni mwake. Mwaka 1902 akapata tuzo ya Nobel.

Wengi wanaishia hapo, lakini mi naona ngoma ndiyo ilianza. Ross alisema tupunguze mbu, malaria itaisha. Wakajaribu kwenye kambi ya jeshi ya Mian Mir, karibu na Lahore, wakasema haikufanikiwa. Wapinzani wakashangilia: mbu hawaishi, kwa hiyo unapoteza hela tu.

Ross akashika kalamu. Kwenye ripoti yake ya Mauritius ya mwaka 1908, kisha kitabuni mwaka 1911, akapiga hesabu: mbu wangapi wanamuuma mgonjwa, wangapi wanaishi mpaka wawe na uwezo wa kuambukiza, wangapi wanauma tena. Jibu likawa kwamba si lazima umalize mbu wote! Kuna kiwango, ukiwashusha chini ya hapo malaria inakufa yenyewe.

Chukulia hivi. Wagonjwa 10 wakizaa wagonjwa wapya 20, mmekwisha. Wakizaa 9, hao 9 wakazaa 8, taratibu ugonjwa unazimika, na mbu bado wapo wanapiga kelele masikioni. Ndiyo maana chandarua chako kinamsaidia hata jirani.

Hakuwa malaika lakini. Aligombana vibaya na Mtaliano Grassi kuhusu nani aligundua nini, na alilalamika sana kwamba hakulipwa anavyostahili. Alifariki London mwaka 1932.

Ila mbegu ilishaota. McKendrick, daktari kijana aliyesafiri naye Sierra Leone mwaka 1901, alishirikiana na Kermack kutoa mwaka 1927 hesabu ya jinsi mlipuko unavyopanda na kushuka. Hesabu za korona zilijengwa juu ya msingi huo.

Kwa hiyo mdogo wangu unayetoroka kipindi cha hesabu, rudi darasani. Mi nimechelewa, wewe bado.

Haya wadau, mnasemaje? Dondosheni maoni hapo chini. Tupo pamoja!