Mohamed Husen: Sura yake waliitaka, haki yake waliikanyaga

KALAMU na sinema ni silaha. Dhalimu akishamaliza kazi ya bunduki, huandika kitabu ili aliowadhulumu waonekane walifurahia kudhulumiwa. Anayetaka ushahidi na azingatie maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani wa jeshi la Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914 alikuwa na miaka kumi tu, naye akaingizwa jeshini. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Lindi, akaangukia mikononi mwa Waingereza. Mwezi uliofuata kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alipita Newala na kuvuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Huku Kusini aliacha wagonjwa, majeruhi na njaa.

Lettow-Vorbeck alirudi kwao, na mwaka 1920 akatoa kitabu cha vijana kiitwacho Heia Safari. Vitabu vya aina hiyo ndivyo vilivyokuza hadithi ya askari mwaminifu, Mwafrika anayempenda bwana wake hadi kufa. Wapagazi waliofia njiani na wakulima walionyang'anywa chakula hawakuwa na nafasi katika hadithi hiyo.

Mwaka 1929 Husen alifika Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Akaambiwa amechelewa. Akabaki huko, akaoa, akafanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji, akanyimwa. Uaminifu uliosifiwa vitabuni haukuwa na thamani yoyote ofisini!

Kazi moja hawakumnyima, nayo ni kuigiza. Alionekana katika sinema zipatazo ishirini, na ya mwisho ni Carl Peters ya mwaka 1941.

Peters huyo ndiye wazee wetu waliyemwita Mkono wa Damu. Kampuni aliyoiasisi ndiyo iliyokuja kuishika pwani yetu mwaka 1888, na watu wa Mikindani na Lindi wakawatimua mawakala wake. Kule Kilimanjaro, kati ya 1891 na 1892, Peters aliwanyonga Mabruk, mtumishi wake, na Jagodja, binti aliyekuwa amemfanya kimada. Habari zilifika bunge la Ujerumani 1896, na mwaka uliofuata akafukuzwa utumishi. Lakini mwaka 1937 Hitler alimsafisha, kisha sinema ikamgeuza shujaa, na waliomshitaki ndio wakafanywa waovu. Zinaa na mauaji vikavishwa joho la uzalendo.

Ndani ya sinema hiyo Husen aliigiza mfuasi wa Peters aitwaye Ramasan. Ilipofika Agosti mwaka huo huo, serikali ile ile ilimkamata kwa tuhuma ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu liliwekwa Berlin mbele ya nyumba aliyoishi.

Wapo wanaosema sinema ni burudani tu. Basi wajiulize: Mwafrika wa kwenye sinema alipendwa na bwana wake, kwa nini mwenye sura hiyo aliuawa kambini? Waliyempenda ni yule waliyemtunga wenyewe. Mtu mwenye damu na madai hawakumtaka.

Hivyo tusiwaachie watoto wetu wajifunze vita vya Mahiwa na Ruvuma kutoka kwa wenye bunduki peke yao. Kila ukoo wa Mtwara, Newala na Mikindani una masimulizi ya babu aliyebeba mizigo au kukimbilia porini. Yaandikwe sasa, kabla wanaoyakumbuka hawajaondoka. Tusipoyaandika, atakayetuandikia ni yule yule aliyemwandika Ramasan.